Prado, tela la jenereta na mlima wa Sipi: kisa cha kipoza mafuta cha giaboksi

Gari ni Toyota Prado KZJ95 ya mwaka 1998, injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita 3, giaboksi otomatiki ya gia nne aina ya A343F. Makao yake ni Mbale, mashariki mwa Uganda, na kazi yake ni shughuli za watu: harusi, matanga, mikutano ya siasa. Huvuta tela la ekseli moja lenye jenereta ya kVA 20, spika, nyaya na maturubai. Tela likiwa limejaa lilipelekwa kwenye mizani ya magari ya ghala la nafaka, likasoma kilo 1,450. Prado yenyewe ikiwa na watu watatu ilisoma kilo 2,100 na ushei. Kwa hiyo mzigo mzima unaopanda mlima ni kama tani tatu na nusu.

Safari za Tororo, Busia na Soroti hazikuwa na neno, kwa kuwa huko ni tambarare. Tatizo lilikuwa Kapchorwa. Mbale iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, Kapchorwa iko juu ya 1,800, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupandwa kwa mkupuo mmoja baada ya kuipita Sironko kuelekea Sipi. Katikati ya kipande hicho taa ya A/T OIL TEMP (joto la mafuta ya giaboksi) iliwaka, mshale wa joto la maji ukavuka nusu, na gia ya tatu ikaanza kuchelewa kushika: injini inalia juu kwanza, halafu gari linastuka ndipo linakwenda. Likipoa, linarudi kuwa zima kama vile hakuna kilichotokea. Mafuta ya giaboksi kwenye dipstiki, kijiti cha kupimia, yalikuwa ya kahawia na yakinuka kama mkate ulioungua.

Taa ile haipaswi kuchukuliwa kama onyo la mapema. Kwenye Toyota nyingi za aina hii huwaka joto likikaribia nyuzi 150 za Selsiasi, na kabla ya kufika hapo mafuta yameshaharibika na mipira ya ndani imeshaanza kukauka. Kipimo ambacho mafundi wa otomatiki hukitumia ni hiki: ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, huishi vizuri kwenye nyuzi 80 hivi, na kila inapopanda nyuzi 11 juu ya hapo umri wake hukatika nusu. Kwenye 115 huanza kuacha utando kama vanishi ndani ya valvu. Kwenye 145 sahani za klachi huteleza na kuungua.

Moto unatoka wapi

Watu wengi hudhani joto la giaboksi linatoka kwenye meno ya gia. Linalotoka huko ni dogo. Jiko lenyewe ni toki konveta, lile boga lililo kati ya injini na giaboksi, ambalo hupitisha nguvu kwa kurushia mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Upande wa injini ukizunguka haraka kuliko upande wa magurudumu, sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Gari likiwa mbio kwenye tambarare, klachi ya lokapu hufunga pande zote mbili pamoja na joto hukoma. Mlimani, kwenye mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, lokapu haifungi.

Chukua injini inayotoa kilowati 70 mlimani, na konveta inayopoteza asilimia 15. Hizo ni kilowati kumi na nusu za joto tupu, sawa na birika tano za umeme zikichemka kwa pamoja ndani ya mafuta. Giaboksi hii ina mafuta lita nane hivi. Kama joto hilo lote lingebaki ndani ya mafuta peke yake, yangepanda nyuzi kumi kwa sekunde kumi na nne. Chuma na alumini za mwili wa giaboksi hufyonza sehemu, upepo wa chini huchukua nyingine, lakini kazi kubwa hufanywa na kipoza kilichomo ndani ya tangi la chini la rejeta. Hapo mafuta hupoozwa na maji ya injini. Na maji hayawezi kuyafanya mafuta yawe baridi kuliko maji yenyewe. Rejeta ikiwa na homa, giaboksi nayo itaugua.

Kwenye 1KZ-TE ugonjwa huo husafiri pande zote mbili. Giaboksi inayochemka humwaga joto lake ndani ya rejeta, maji yanapanda, na silinda hedi, kichwa cha injini hii, inajulikana kote kwa kupasuka ikizidiwa na joto. Mwenye gari alikuwa akiulizia giaboksi ya mtumba. Kwa mwendo ule, hedi ndiyo ingetangulia.

Kilichokutwa chini ya boneti

Kipoza cha nyongeza kilikuwamo tayari. Kilikuwa kidogo, cha bomba moja lililopindwapindwa, kimetolewa kwenye gari bovu na kufungwa mbele ya kondensa ya AC, ile rejeta ya gesi iliyo mbele ya rejeta ya maji, kwa tai za plastiki zilizopenyezwa katikati ya mapezi. Mipira iliyotumika ni ile ya maji ya hita. Tai mbili zilikuwa zimekwisha kuusugua mrija wa kondensa ukang'aa. Miezi michache zaidi na gesi ya AC ingekuwa imekwenda. Mpira nao ulikuwa umevimba na kulainika ukibonyezwa kwa kidole. Mpira wa maji haukutengenezwa kwa ajili ya mafuta: ATF ya moto huula kutoka ndani, vipande vyake huenda kuziba vichujio, na siku ukichomoka mlimani, pampu humwaga mafuta yote barabarani kwa muda mfupi kuliko dereva anavyochukua kupata mahali pa kuegesha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mpangilio. Kipoza kile kilikuwa kimewekwa kabla ya rejeta: mafuta yanatoka kwenye giaboksi, yanapita kwenye upepo, kisha yanaingia kwenye tangi la rejeta, ndipo yanarudi. Wako mafundi wanaoutetea mpangilio huo, na kwenye nchi za theluji una maana, kwa sababu rejeta huyapasha mafuta yaliyopoa kupita kiasi. Hapa maji ya rejeta yalikuwa yakifika nyuzi 104 mlimani. Chochote kilichopoozwa na upepo kilikwenda kupashwa moto upya.

Vipimo vilichukuliwa kwa waya wa kupimia joto uliofungwa kwenye bomba la chuma na kufunikwa kwa kitambaa ili upepo usidanganye. (Bastola ya infraredi haifai kwenye bomba linalong'aa, husoma chini mno. Ukiwa nayo tu, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa na usome hapo.) Kwenye mlima wa Sipi bomba la kutoka giaboksini lilisoma 138, la kurudi 112. Ndani ya bomba mafuta huwa juu ya hapo kwa nyuzi chache.

Kabla ya kununua chochote kulikuwa na mambo matatu ya kurekebisha, na hakuna hata moja lililohusu kipoza. La kwanza, nafasi kati ya kondensa na rejeta ilikuwa imejaa mabawa ya kumbikumbi, nyasi kavu na vumbi jekundu lililogandana kama udongo wa ukuta. Ukimulika tochi kutoka nyuma ya rejeta, mwanga haupiti. Kuosha kutoka mbele husukuma uchafu huo ndani zaidi. Rejeta ishushwe, maji yapigwe kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa mkandamizo mdogo ili mapezi yasilale.

La pili, feni. Visko yake, klachi ya silikoni inayoishikisha feni na injini, ilikuwa imechoka: injini ikiwa ya moto, feni ilizungushwa kwa mkono baada ya kuzima na ikazunguka huru bila ukinzani. Ilifunguliwa ikatiwa mafuta mapya ya silikoni ya visko, mazito. La tatu lilikuwa kwenye tela lenyewe. Gurudumu la kushoto lilikuwa moto kiasi cha kutoshikika, la kulia vuguvugu. Breki ilikuwa imeganda, ikibana njia nzima. Gari lilikuwa linavuta jenereta na breki kwa pamoja, na kila lililokuwa likiliwa na breki ile lilikuwa likipita kwanza kwenye konveta.

Mambo hayo matatu yalipokamilika, safari ya mzigo uleule ilisoma 124 kwa 101. Nyuzi 14 zimeondoka bila kipoza kipya. Lakini 124 bado ni nyingi kwa gari linalopanda kule kila wiki, na hapo ndipo kipoza cha maana kinapoingia.

Vifaa

Kilichochaguliwa ni kipoza cha sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukubwa wa milimita 280 kwa 190, unene 38. Aina hii hupoza zaidi ya ile ya bomba lililopindwa kwa ukubwa uleule, na haiyabani mafuta. Kinunuliwe kipya. Kipoza cha mtumba ni bahati nasibu mbaya: giaboksi iliyokufa huacha chembe za chuma ndani yake, na sahani za namna hii hazisafishiki zikaisha, hata uzipigie petroli na upepo kutwa nzima. Kwenye soko la vipuri la Kisekka kule Kampala vipoza vya mtumba vimejaa na bei yake inavutia. Acha.

Mpira ni wa mafuta ya giaboksi, wenye maandishi SAE J1532 ubavuni. Mpira wa petroli si mbadala. Unavumilia mafuta lakini mwingi wake hauvumilii joto hili. Pima bomba la gari kwa kalipa (kipimio cha kipenyo) kabla ya kwenda dukani; hapa uliingia wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10. Mita mbili na nusu zilitosha. Klipu zilikuwa sita, nne za kufungia na mbili za akiba, za aina ya bendi laini zinazokaza kwa boliti. Zile zenye matundu ya skrubu huutafuna mpira kila zinapokazwa. Zaidi ya hapo ni vipande vinne vya bamba la chuma vilivyopindwa kwa umbo la L, boliti za M6 na vishikizo vya mpira, gasketi ya sampu (bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi), kichujio, na lita 12 za ATF.

Kuhusu ATF: A343F za enzi hizo hutumia Dexron II au III. Mafuta ya Toyota WS ni mepesi na ni ya giaboksi nyingine, hata kama muuzaji anaapa kwamba kopo lina jina la Toyota na inatosha.

Rejeta ya asili ilibadilishwa na mpya. Haikuwa ikivuja, lakini ilikuwa na umri uleule wa gari, na kipoza cha ndani ya tangi kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi. Dalili yake ni mafuta kugeuka rangi ya waridi yenye povu, kama chai ya maziwa iliyomwagiwa rangi. Ikifika hapo, gundi inayoshika bitana za klachi inaachia na giaboksi imekwisha. Kama hakuna uwezo wa kununua rejeta mpya na ya zamani inatiliwa shaka, ni bora kuipita kabisa: mabomba yote mawili yaende kwenye kipoza cha upepo, kilicho kikubwa zaidi ya hiki. Mbale haina baridi ya kuzuia hilo.

Ufungaji

Kwanza lijulikane bomba lipi linatoka na lipi linarudi. Gari likiwa limelala usiku kucha, washa, acha lizunguke, shika mabomba yote mawili karibu na rejeta. Linalopata joto kwanza ndilo linalotoka giaboksini. Liwekwe alama ya rangi hapohapo, maana baada ya saa mbili chini ya gari kila bomba hufanana na mwenzake. Kipoza kinaingia kwenye bomba la pili, la kurudi: giaboksi, rejeta, kipoza, giaboksi.

Kilifungwa mbele ya kondensa kwa vile vipande vya chuma, kwenye nguzo za mwili wa gari na si kwenye kondensa, kikiwa mbali nayo kwa milimita 12. Kisiguse kitu. Midomo yake ielekee juu au pembeni. Ikielekea chini, hewa hukwama juu na sahani za juu hazifanyi kazi. Kama gari lina feni ya umeme ya AC mbele ya kondensa, tafuta upande ulio wazi. Kisizibe zaidi ya theluthi ya kondensa, la sivyo abiria watalalamika kabla giaboksi haijashukuru.

Hapa hapakukatwa bomba la chuma hata moja, kwani mpira wa asili kati ya rejeta na bomba la kurudi uliondolewa na mipya ikashika nafasi yake. Ukilazimika kukata, mwisho wa bomba lazima ufanywe ukingo uliovimba kwa kifaa cha kutanulia. Mpira uliovishwa kwenye bomba laini lisilo na ukingo utachomoka siku moja, hata ukazwe na klipu tatu. Mpira uingie sentimita tatu, klipu ikae nyuma ya ukingo. Kona yoyote iwe pana kama sahani ya chai. Mpira uliokunjika hubana njia na kupandisha joto badala ya kulishusha. Unapopita kwenye tundu la chuma, uvishwe kipande cha mpira mwingine uliopasuliwa.

Sampu ilishushwa. Sumaku zake zilikuwa na uji laini wa kijivu, ambao ni uchakavu wa kawaida. Hapakuwa na vipande vya chuma wala mabaki meusi ya bitana. Hilo ndilo lililoamua kwamba giaboksi inastahili gharama hii. Boliti za sampu ni ndogo, hukazwa kwa Nm 7 tu, kwa kukatisha upande huu na ule. Wanaozikaza kwa nguvu za mkono mzima hukunja sampu, kisha hulaumu gasketi.

Kufungua nati ya sampu hutoa karibu lita mbili tu, nyingine zimebaki kwenye konveta. Ili kuyatoa yote, bomba la kurudi liliachiwa na kuelekezwa kwenye chupa iliyochorwa alama za lita. Injini iliwashwa bila kukanyaga mafuta, zikatoka lita mbili, ikazimwa, zikaongezwa mbili mpya kupitia tundu la dipstiki, na hivyo hivyo hadi yakatoka mekundu safi. Zilikwenda lita 11. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja kwenye ufunguo na mwingine kwenye chupa. Pia ni nafasi ya kupima pampu: lita moja inapaswa kutoka ndani ya sekunde 20 hivi. Ikichukua dakika, kuna mahali pameziba, na kipoza kipya hakitasaidia.

Kipoza na mipira yake vilimeza nusu lita hivi. Usomaji wa mwisho ulifanyika mafuta yakiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80, gari mahali pa sawa, injini ikiwaka: gia ipelekwe kutoka P hadi L polepole na kurudi P, kisha dipstiki isomwe ndani ya alama za HOT. Anayejaza hadi HOT mafuta yakiwa ya baridi amezidisha. Mafuta yaliyozidi hupigwa na sehemu zinazozunguka, hutoa povu, na povu halipozi wala halisukumi klachi.

Mlimani tena

Uzito uleule, barabara ileile, mchana. Bomba la kutoka lilisoma 112, la kurudi 78. Maji ya injini yalibaki kwenye 93.

Kisha safari ilirudiwa kwa kubadilisha jambo moja tu, namna ya kuendesha. Dereva alizoea kuacha ovadraivu, yaani gia ya nne, ikiwa imewashwa na mguu chini, gari likihangaika kati ya tatu na pili huku lokapu ikifunga na kufungua. Mara hii ovadraivu ilizimwa kabla ya mlima kuanza, na mwendo uliposhuka chini ya kilomita 50, lever ikawekwa kwenye 2, injini ikiimba kwenye mizunguko 2,600 hadi 2,900. Bomba la kutoka halikuvuka 103.

“Lakini fundi, hivi si ninaiumiza injini?” dereva aliuliza. Ni kinyume chake. Kwa nguvu ileile, injini inayozunguka haraka husukuma kwa torki (nguvu ya kuzungusha) iliyo ndogo zaidi, kuteleza kwa konveta hupungua, na pampu ya maji, feni na pampu ya giaboksi zote huenda kwa kasi. Kinachoumiza ni mizunguko 1,800 na mguu hadi sakafuni. Nyuzi tisa zimepatikana bure, na hazikuhitaji spana.

Akifika juu anaweka P na kuacha injini iwake dakika mbili kabla ya kuzima, ili mafuta yaendelee kupita kwenye kipoza. Taa ikiwaka siku yoyote ni vivyo hivyo: egesha, P, injini iendelee kuwaka hadi taa izime. Kuzima papo hapo huyaacha mafuta yakipikwa yakiwa yamesimama ndani ya konveta.

Klipu zilikazwa upya baada ya kilomita 50 na tena baada ya 500, kwa kuwa mpira mpya hulegea ukishazoea joto. Geji ndogo ya joto ilifungwa karibu na usukani, kihisi chake kikiwa kwenye sampu, mahali panaposoma joto la mafuta yote kwa jumla. Kwenye bomba la kutoka mshale hurukaruka kila mguu unapokanyaga na kumtia dereva wasiwasi usio na faida. Alama nyekundu imechorwa kwenye 110.

Gia ya tatu bado huchelewa kidogo mafuta yakiwa ya moto. Bitana zilizokwisha kuungua hazioti upya. Kwa hiyo tela limebaki kwenye kilo 1,450 bila nyongeza, mafuta yatabadilishwa kila kilomita 20,000, na kila Jumatatu tone moja la dipstiki hudondoshwa kwenye karatasi nyeupe. Likisambaa jekundu, tela linafungwa nyuma ya Prado. Likibaki katikati kama doa la kahawa, jenereta inakwenda Kapchorwa kwa gari la kukodi.